Mieleka ya Televisheni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila anayejua kwamba naangalia mieleka ana swali, na wengi wana lile lile moja, wanaliuliza huku wanacheka. Nimeyakusanya hapa ili mwingine akiuliza nimtumie ukurasa huu, nimalizie chai yangu. Nikisema mieleka nakusudia hii ya maonyesho ya Marekani, ya kina Undertaker na Roman Reigns. Ile ya Olimpiki ni habari nyingine.

Ni ya kweli, au ni usanii?

Ni usanii, kwa maana zote mbili. Kiswahili cha mtaani kimeturahisishia kazi: msanii ni mtu wa sanaa, na ukiambiwa "yule msanii tu" ujue umeonywa usimkopeshe hela. Wanamieleka ni wote wawili na siku hizi hawajifichi. Mshindi hupangwa kabla, bifu hutungwa, na wawili waliotukanana jana usiku leo wanaweza kupanda gari moja kwenda mji unaofuata.

Zamani ilikuwa siri ya chama. Steringi na adui hawakuruhusiwa kuonekana wakila meza moja hotelini, na siri hiyo ilikuwa na jina lake, kayfabe, ambalo mashabiki wanalitumia mpaka leo. Mwaka 1989 kampuni ya Vince McMahon, ikiitwa WWF wakati huo (leo WWE), ikawaambia maseneta wa jimbo la New Jersey kwamba wanachouza ni burudani, si mashindano. Sababu? Ilitaka kutoka mikononi mwa tume ya michezo na kodi zake. Siri iliyolindwa miaka mingi kwa kiapo ikauzwa kwa ajili ya kodi. Taarifa hiyo huku kwetu haikufika. Miaka ya tisini tulikuwa bado tunakunjana mashati shuleni tukibishana nani anaweza kumnyanyua lile jitu Yokozuna.

Basi hawaumii?

Wanaumia. Kilichopangwa ni nani ashinde. Sakafu haikushirikishwa kwenye mpango.

Chini ya turubai la ulingo kuna fremu ya chuma, juu yake mbao, juu ya mbao sponji nyembamba. Mbao hunesa kidogo na kutoa mlio, ndiyo maana kishindo ni kikubwa kuliko maumivu, ila maumivu yapo. Kuanguka ndilo somo la kwanza kabisa: unaangukia mgongo wote kwa pamoja, kidevu umekibana kifuani ili kisogo kisiguse, mikono umeitandaza ikipiga turubai, pumzi unaiachia. Ukiogopa ukatanguliza kiwiko, umevunjika. Yale makofi ya kifuani nayo ni makofi. Angalia ngozi ya mtu baada ya dakika kumi.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba anayepiga ndiye mlinzi wa anayepigwa. Tarehe 3 Agosti 1997 Owen Hart alimgeuza Steve Austin kichwa chini, miguu juu, akakaa naye chini. Hesabu ilikosewa kidogo tu: kichwa cha Austin kilikuwa kimeshuka kupita mapaja ya mwenzake, kikagonga sakafu, shingo ikaumia, mwili ukafa ganzi. Ukiitazama ile picha leo, usimtazame Austin, mtazame Owen. Anajua. Anaanza kuzunguka ulingoni akiwatambia watazamaji, anapiga kelele, anavuta muda kama mwalimu aliyesahau somo. Kisha Austin anajikokota kwa viwiko, anamkumbatia miguu kwa nguvu za mtoto, na Owen anajilaza chali akubali kuhesabiwa tatu. Mpango ulikuwa Austin ashinde, kwa hiyo akashinda, huku hawezi kusimama sawasawa.

Mwaka uliofuata, Pittsburgh, Undertaker alimrusha Mick Foley kutoka juu ya kizimba, karibu mita tano, akatua kwenye meza ya watangazaji. Foley akarudi kuendelea na pambano. Na Mei 1999 Owen Hart huyo huyo, akiwa na miaka 34, alianguka akiwa anashushwa kwa kamba kutoka darini, mjini Kansas City, akafariki. Kampuni iliendelea na onyesho usiku ule. Mimi hilo sijawahi kulimeza, na sidhani kama nitalimeza.

Kiti ni cha plastiki? Damu ni rangi?

Kiti ni chuma. Kinapigwa mgongoni, kwa bapa. Kumpiga mtu nacho kichwani WWE ilipiga marufuku mwaka 2010. Meza ni mbao nyepesi. Damu ya enzi zile ilikuwa ya kwao wenyewe: mtu anaficha kipande cha wembe kwenye bandeji ya mkono, analala kifudifudi akijifanya amezimia, anajichana kidogo paji la uso. Jasho linafanya kazi iliyobaki.

Kama mshindi anajulikana, raha iko wapi?

Nitakujibu kwa kibanda umiza. Nyuma ya soko letu kulikuwa na kibanda cha mabati, televisheni moja, deki moja, mabenchi ya mbao yasiyopigwa randa. Mkanda wa video ulioombwa kuliko yote ulikuwa wa WrestleMania, onyesho lao kubwa la kila mwaka, ya 1987, Hulk Hogan na Andre the Giant, pale Pontiac, Michigan. Ulikuwa umechoka, picha ilikuwa na chenga mpaka mwenye kibanda anaipiga deki kofi. Alikuwapo muuza kahawa mmoja ambaye alishauona huo mkanda si chini ya mara ishirini. Mwanzoni tu, Hogan anajaribu kumnyanyua Andre, anaelemewa, anaangukiwa na lile jitu, na muuza kahawa anasimama na birika lake: "We mjinga, nilikwambia bado!" Kila mara. Mwishoni Hogan anamnyanyua kweli, anambwaga, na kibanda kizima kinanuka kahawa iliyomwagika.

Hakuna mle ndani ambaye hakujua nani anashinda. Ni sawa na harusi: unajua bwana harusi ataingia, na bado akiingia vigelegele vinapigwa. Raha iko kwenye kucheleweshwa. Steringi anakaribia, anarudishwa nyuma, anakaribia tena. Adui anamdanganya refa, refa anageuka wakati si wake, na wewe peke yako, na wenzako elfu kumi, ndio mlioona. Mechi ya mpira haiwezi kukuahidi hilo. Unaweza kulipa kiingilio ukaona suluhu ya bila kufungana, mkarudi nyumbani mmenyamaza kwenye daladala.

Pia kuna siku unadhani unajua, kumbe hujui. Aprili 2014, New Orleans, Undertaker alikuwa ameshinda mara 21 WrestleMania bila kupoteza hata moja. Brock Lesnar akambana, refa akahesabu tatu. Hakuna aliyeshangilia, hakuna aliyezomea. Ubao ukaandika 21-1 na kamera ikaanza kutafuta nyuso: watu wazima mikono kichwani, midomo wazi, kama wameletewa habari kutoka hospitali.

Mbona wanaongea sana kuliko kupigana?

Kwa sababu ngumi bila sababu ni vurugu tu. Kama umekulia na taarab hili halihitaji maelezo. Kumbuka miaka ya 1990, TOT na Muungano, Khadija Kopa na Nasma Khamis: watu walijaa ukumbini kusikiliza nani atamjibu nani, na kwa fumbo gani. Kipaza sauti cha mieleka ni mipasho. Anayeweza kurusha dongo likatua, akatulia, akasubiri kelele zipande kisha ndipo amalizie sentensi, huyo atalipwa kuliko anayeruka sarakasi tatu hewani. Roman Reigns anaweza kumaliza dakika nzima kimya, kipaza sauti mkononi, anawaangalia tu. Watazamaji wanazomea, kisha wanaanza kuimba, yeye hajasema neno.

Hadithi anaandika nani?

Kila kampuni ina chumba chake cha waandishi. WWE kwa miongo kadhaa neno la mwisho lilikuwa la Vince McMahon, ambaye alikuwa anaweza kuchana mswada saa chache kabla ya onyesho. Tangu Julai 2022 usukani wa ubunifu uko kwa Triple H, mwanamieleka wa zamani na mkwe wake. Ila kuna mwandishi mwingine asiye na mshahara, naye ni umati.

Umati ukikataa, umekataa. WWE ilipoteza miaka kadhaa ikijaribu kumfanya Roman Reigns awe steringi. Alikuwa na sura, mwili na ukoo, na watu walimzomea kila mji. Alipogeuzwa adui mwaka 2020 wakaanza kumpenda. Mapema 2024 kampuni ilitaka The Rock achukue nafasi ya Cody Rhodes kwenye pambano kubwa la WrestleMania. Cody alikuwa anafuatilia mkanda wa ubingwa ambao baba yake, Dusty Rhodes, hakuwahi kuupata katika kampuni hiyo, na watu walishamsindikiza miaka miwili. Kelele zilizofuata hazikuwa za kawaida. Ndani ya siku chache mpango ukageuzwa: Cody akarudishwa, na The Rock akafanywa adui aliyetaka kumpora. Kosa la ofisini likageuka kuwa sura nzuri ya hadithi.

Hii ndiyo sababu siikubali hoja ya "ni kama tamthilia tu". Tamthilia unaweza kuilalamikia hadi asubuhi, vipindi vishapigwa picha, vimekaa kwenye kompyuta ya mtu. Hapa muigizaji anakusikia, na mara nyingine bosi wake anasikia pia.

Hadithi ipi imekuwa bora miaka ya karibuni?

The Bloodline, na sioni ya kuikaribia. Ni hadithi ya ukoo, kwa hiyo Mswahili anaielewa bila mkalimani.

Roman Reigns anatoka ukoo wa Anoa'i, Wasamoa waliotoa wanamieleka vizazi kadhaa. (Yule Yokozuna tuliyeambiwa na bendera na kimono chake kwamba anawakilisha Japani alikuwa wa ukoo huu huu. Tulidanganywa, lakini vizuri.) Agosti 2020, viwanja havina watu kwa sababu ya korona, Reigns anarudi, anatwaa mkanda, anadai awe mkuu wa familia. Wa kwanza kuvunjwa ni binamu yake Jey Uso. Hampigi tu mpaka akubali: anamnyonga Jimmy, pacha wa Jey aliyelala chini, mpaka Jey anasalimu amri ili kumwokoa ndugu yake. Baada ya hapo binamu ndiye mtumishi mwaminifu kuliko wote. Nani hajaona jambo hilo kwenye familia yenye mjomba mmoja mwenye pesa?

Mwaka 2022 akajipenyeza Sami Zayn, Mkanada mwenye asili ya Syria, asiye na tone la damu ya ukoo, mchekeshaji wa kubembeleza kukubalika. Miezi ikapita anafagia, anashonewa fulana, anamsaliti rafiki yake wa zamani Kevin Owens ili aaminiwe. Halafu Januari 28, 2023, San Antonio: Owens amefungwa pingu kwenye kamba, Reigns anampa Sami kiti cha chuma, anamwamuru ampige. Sami anakishika, hapigi. Reigns anamsukuma, anamkumbusha alikotoka. Kisha anageuka kumpa mgongo. Kiti kikatua kwenye mgongo huo. Waliobaki wakamshambulia Sami kwa zamu, isipokuwa Jey, aliyesimama akatazama, akatoka zake. Hakuna mkanda ulioshindwa kwa tendo hilo. Ni mtu tu alichoka kuwa mtumwa wa watu wa nyumba ile, na ilichukua karibu mwaka mzima kufika hapo.

Reigns alikaa na ubingwa siku 1,316, mpaka Cody alipomvua Philadelphia, Aprili 7, 2024.

Na sasa hivi? Ubunifu umeshuka?

Umeshuka kutoka pale, ndiyo. Siyo kwamba hawajui kazi, wamelewa mafanikio. Tangu Septemba 2023 WWE iko kapu moja na UFC, ile ya mapigano ya kweli, chini ya kampuni ya TKO. Januari 2025 onyesho la Jumatatu, Raw, likahamia Netflix kwa mkataba wa miaka kumi unaozidi dola bilioni 5. Hela ikishakuwa imelipwa mbele, njaa inapungua. Turubai la ulingo limejaa matangazo kama jezi ya timu ya ligi, na viwanja vinajaa hata hadithi ikiwa uji.

Mfano ninaoulilia ni John Cena. Steringi wa watoto kwa karibu miaka ishirini, kila mwaka watu wakiomba ageuke adui, kila mwaka anakataliwa. Machi 1, 2025, Toronto, akiwa kwenye mwaka wake wa kuaga, anamkumbatia Cody, uso unabadilika, anampiga. Niliruka kitandani, jirani akagonga ukuta. Hiyo ilikuwa karata waliyoitunza miongo miwili. Halafu? The Rock, aliyeanzisha njama ya usaliti huo, akatoweka bila maelezo. Cena akashinda ubingwa wa 17 kwa pambano la kusinzia, na mwanzoni mwa Agosti akarudi kuwa mwema kana kwamba alikuwa ametoka dukani mara moja. Desemba akaagwa Washington kwa kushindwa na Gunther, akigonga kuomba kuachiwa, huku anatabasamu. Kufunga kule nilikupenda, wengi walikasirika. Lakini miezi ya katikati ilikuwa nyama nzuri iliyounguzwa.

Nje ya WWE kuna nini?

AEW, iliyoanzishwa 2019, kwa wanaopenda mieleka yenyewe kuliko hotuba. Mwaka 2023 ilijaza Wembley, London. Japani wana New Japan tangu 1972, huko watazamaji hunyamaza kama msikitini, kisha hulipuka. Meksiko barakoa ni heshima: El Santo alizikwa na yake mwaka 1984.

Kane na Undertaker ni ndugu kweli?

Hapana, undugu ulikuwa wa hadithi tu. Kane anaitwa Glenn Jacobs na mwaka 2018 alichaguliwa kuwa meya wa Knox County, Tennessee. Akawa anasaini bajeti za barabara. Samahani kama nimekuharibia utoto.

Kamala alikuwa Mganda?

Swali hili huletwa na Waganda, wakiwa wamekasirika, na wana haki. Kamala, "Jitu la Uganda", mwenye mkuki, rangi usoni na mwilini, aliyetangazwa kama mlinzi wa zamani wa Idi Amin, alikuwa James Harris, dereva wa lori kutoka Mississippi. Mhusika huyo alibuniwa Memphis mwaka 1982. Hakuruhusiwa kuzungumza ulingoni. Alijipiga makofi tumboni na kuonyesha kama hajui kumlaza mtu chali ili ahesabiwe. Huyo ndiye Mwafrika waliyemjua wao. Harris mwenyewe alikuwa mtu mpole, fundi wa viti vya mbao baadaye, alipoteza miguu yote miwili kwa kisukari, akafariki 2020. Mieleka imeishi kwa kuchora mataifa ya watu kwa makaa, na ukiipenda inabidi ulibebe hilo nalo.

Ilichukua mpaka Aprili 2019 ndipo mzaliwa wa Afrika, Kofi Kingston wa Ghana, akawa bingwa wa WWE. Hata yeye alianza kwa kutambulishwa kama Mjamaika. Oktoba mwaka huo akavuliwa mkanda na Brock Lesnar ndani ya sekunde zisizofika kumi. Sitasema zaidi, nina shinikizo la damu.

Huku kwetu ipo?

Ipo, na ndiko mimi natazama siku hizi WWE ikinichosha. Kinshasa wanaiita catch, kwa Kifaransa, na wameiongezea uchawi: wanamieleka huzungushwa mtaani wamejipaka rangi, bendi inapiga nyuma yao, na ulingoni mtu anaweza kukuangusha kwa dawa bila kukugusa. Mpigwaji anatetemeka, anageuka zezeta. Tuko pale pale pa usanii, ila fumbo ni la kwetu.

Na Mukono, Uganda, kuna Soft Ground Wrestling. Ulingo ni nguzo za miti zilizochimbiwa, kamba, na katikati udongo uliolowanishwa ukawa tope. Tope ndilo sponji yao. Vijana wa kiume na wa kike wanarukiana kutoka juu ya nguzo, mtangazaji anapayuka, watoto wa kijiji wamejazana kamba hadi kamba, na vipande vyao vimezunguka mtandaoni dunia nzima. Angalia binti akibwagwa: matope yanaruka hadi kwa watoto wa mstari wa mbele, wanarudi nyuma wakipiga kelele, wanajifuta, wanasogea tena karibu zaidi kuliko mwanzo. Kutoka nchi ya Kamala wa kubuni, hawa ndio wa kweli, na wanaongea.

Watoto waangalie?

Pamoja na mtu mzima, na godoro lifungiwe. Binamu yangu alivunjika mfupa wa bega akitoka juu ya kabati. Aliyetakiwa kumdaka nilikuwa mimi.

Ni saa ngapi, na nianze na ipi?

Raw huku kwetu huangukia saa tisa au saa kumi usiku wa kuamkia Jumanne, kutegemea majira ya Marekani. Usikeshe, tazama asubuhi, ila usifungue simu kabla. Anza na ile ya San Antonio, Januari 2023, dakika ishirini za mwisho. Usisome chochote kuihusu zaidi ya nilichokwisha kukuharibia hapo juu. Mtazame Jey, amesimama pembeni.